Niliuficha Ujumbe wa Mwende Ili Jukwaa Lipate Shangwe

Kosa ni langu. Nalisema mapema ndio usifike katikati ukaanza kunionea huruma. Hakuna mtu alinidanganya, hakuna mtu alinilazimisha, na shetani nisimsingizie, hakuwepo. Ni mimi tu, na akili yangu timamu.

Jina langu sitataja. Sio kwa kuogopa aibu, aibu nimeshaizoea kama viatu vya mtumba. Ni kwa sababu ya wawili niliowaumiza, ambao majina yao pia nimeyabadilisha. Jua tu kwamba mimi ni mwanamke wa Kambi Muru, Kibera, miaka thelathini na sita, mama wa binti mmoja. Nilikuwa mama fua. Halafu nikawa mwanaharakati.

Yawa! Hilo neno lilinipendeza sana.

Kikundi chetu kilikuwa cha wafanyakazi wa nyumbani. Mama fua, mayaya, wapishi, wengine wetu kutoka Kibera, wengine Kawangware. Kwa vile nilimaliza Form Four na Kiingereza changu hakikuwa kinachechemea, nikawa mdomo wa kikundi. Mwenzangu mmoja, Wafula, fundi wa redio, akawa mtu wa spika, picha na video. Tukigombania haki ya mtu aliyefutwa bila kulipwa, tukisindikiza dada aliyepigwa na mwajiri mpaka polisi, tulikuwa tunaenda wote. Hiyo kazi ilikuwa safi. Sitaki mtu aseme kikundi kilikuwa kibaya.

Basi tukaanza kuongea na watu wa nchi zingine. Sio wakubwa, hapana, watu kama sisi. Waokota taka wa India. Wakulima wasio na shamba wa Brazil. Wavuvi wa Senegal wanaofukuzwa na meli kubwa. Wafanyakazi wa ndani wa Ufilipino. Kukawa na wazo la kukutana wote, na sisi tukaomba kongamano liwe Nairobi. Tukakubaliwa! Nilipiga nderemo mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Tuliapa mambo hayatakuwa ya hoteli. Wageni walale kwetu, wale tunachokula, wapange laini ya choo asubuhi kama sisi. Tulipewa uwanja wa kanisa moja kule Kawangware, karibu na Kabiro. Tukapanga mahema, jikoni nyuma ya kanisa, jukwaa la mbao mbele. Tulijiandaa mwaka mzima. Mimi nilikuwa kwa kila kamati. Usiponiona kwa mkutano, jua mkutano haujaanza.

Sasa nikuambie kuhusu Mama Mwende.

Mama Mwende ni Mkamba wa Kitui, anauza mboga kwa njia ya Kabiro, na alikuwa mwanachama wetu. Mtu mpole, sauti ya chini. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwende, ambaye alienda Ghuba, kwa Waarabu, kufanya kazi ya ndani. Mwaka wa kwanza simu zilikuja. Halafu zikakatika. Wakati ninaousema, alikuwa amemaliza miezi saba bila kusikia sauti ya mtoto wake. Ofisi ya ajenti aliyempeleka, kule mtaa wa Satellite, ilikuwa imefungwa, mlango una kufuli, na chini wanauza viatu kama kawaida.

Kila mkutano ukifika mwisho, mwenyekiti akiuliza kama kuna mtu ana lingine, Mama Mwende alikuwa anasimama na kusema, "Mimi ni ile tu ya Mwende." Tunaandika. Anakaa. Mkutano unaofuata anasimama tena.

Aliposikia kutakuja wageni waliofanya kazi huko, alijitolea kupika. Siku zote tano! "Labda mmoja wao amemwona," aliniambia. "Mimi sijui Kizungu, lakini wewe utaniulizia, si ndio?"

Nikamwambia, "Mama, hiyo wachia mimi."

Mgeni wangu mimi alikuwa anaitwa Lorna. Mfilipino, mfupi, mcheshi, mikono imekauka kwa sabuni kama yangu. Alikuwa amemaliza mkataba wake Ghuba, na kabla ya kurudi kwao akapitia kwetu. Alifika Jumatatu. Jumanne asubuhi, tukiwa tunakunywa chai kwa kibanda changu Kambi Muru, akavua kiatu. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndogo kabisa.

"Kuna msichana Mkenya, jengo letu, nyumba ya juu yangu," akaniambia. "Tulikuwa tunakutana tukianika nguo. Anaitwa Mwende. Mama yake anaishi mahali panaitwa Kawangware, Kabiro. Unapajua?"

Moyo wangu uliruka! Nikamwambia napajua. Nikamwambia mama mwenyewe namjua.

Akanishika mkono. Akanieleza kila kitu, polepole, kama mtu anayesoma maagizo ya dawa. Mwende alikuwa amefungiwa. Simu walimnyang'anya. Lakini kulikuwa na bibi mzee wa nyumba hiyo, anayelala kila siku kuanzia saa kumi alasiri mpaka saa kumi na moja, na simu yake anaiacha jikoni ikichajiwa. Namba ya huyo bibi ndiyo ilikuwa kwa karatasi. Lorna na wenzake huko walikuwa na mahali pa kuficha wasichana, na mtu wa gari. Mwende angeweza kutoka siku yoyote.

"Sasa mbona hajatoka?" nikauliza.

"Anaogopa. Ajenti alimwambia akitoroka, mama yake ndiye atashikwa, kwa sababu mama aliweka kidole kwa karatasi fulani. Tumembembeleza mpaka tumechoka. Anasema hatatoka mpaka asikie kwa mdomo wa mama yake. Mama amwambie tu, toka. Neno moja. Nilimwahidi mama atapiga Jumanne."

Jumanne ilikuwa siku hiyo hiyo.

"Na lazima iwe haraka," Lorna akasema. "Mwisho wa wiki wanampeleka kwa mtoto wa kiume wa huyo bibi, mji wa mbali, jangwani. Huyo mwanaume... huko hatutaweza kumfikia."

Nilichukua ile karatasi. Nikaiweka kwa pochi yangu. Nikamwambia, "Hiyo wachia mimi." Maneno yale yale niliyomwambia mama.

Jamani, nakuapia, nilipotoka kwa nyumba nilikuwa nimeamua kwenda moja kwa moja kwa Mama Mwende. Nilitembea nikilia kwa furaha. Nikafika kanisani, nikaenda nyuma jikoni. Nikamkuta ameinama, anaosha mchele kwa beseni kubwa. Akainua uso.

"Mmoja wao amemwona?"

Na hapo, ndugu yangu, hapo ndipo nilipokufa.

Kwa sababu kabla sijafungua mdomo niliona picha. Niliona jukwaa. Niliona Jumamosi, siku ya kufunga, watu wa nchi zote wamejaa uwanjani, kamera ziko. Niliona Mama Mwende akitolewa jikoni na aproni yake, akipewa maikrofoni, namba ikipigwa mbele ya dunia nzima, na sauti ya mtoto aliyepotea ikitoka kwa spika. Niliona watu wakilia. Na katikati ya hiyo picha, nisikufiche, nilijiona mimi.

Nikamwambia, "Bado naulizia, mama. Subiri Jumamosi, nitakuwa na jibu."

"Jumamosi ni mbali."

"Si mbali, mama."

Akarudi kwa mchele wake.

Nilimwambia Wafula peke yake, kwa sababu nilihitaji mtu wa kuunganisha simu na spika. Wafula alikuna kichwa. "Kwani, si umpe tu mama namba saa hii apige? Halafu Jumamosi apige tena."

"Wafula, ikipigwa mara ya kwanza ndio watu hulia. Mara ya pili ni simu tu."

"Na mtoto akihamishwa?"

"Mwisho wa wiki ni Jumamosi na Jumapili. Tutakuwa tumepiga."

Hivyo ndivyo nilihesabu. Mwisho wa wiki! Mtu aliyekuwa na mgeni kutoka huko ndani ya nyumba yake, akila naye chai, hakuuliza swali moja. Kule wiki haiishi Jumapili kama kwetu. Kule Ijumaa ni siku ya kupumzika. Wiki yao inaisha Alhamisi.

Jumatano Lorna aliniuliza kama mama amepiga. Nikasema natafuta nafasi, mama ana kazi. Alhamisi asubuhi akaniuliza tena, na safari hii alikuwa amevaa viatu tayari. "Nionyeshe nyumba yake. Nitaenda mwenyewe. Nitauliza watu."

Niliogopa. Angetembea hatua thelathini kutoka hema la mkutano kule kanisani angemkuta jikoni! Jana yake tu, Mama Mwende alikuwa amempakulia chakula. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Lorna alisema asante kwa Kiswahili alichojifunza, mama akatabasamu, akamwongezea ndengu. Wawili hao, mmoja ana habari za mtoto, mwingine ni mama wa mtoto, na kati yao hakuna lugha ila mimi.

Nikamwangalia Lorna machoni. Nikasema, "Hakuna haja. Alipiga jana. Wameongea."

Alinikumbatia akalia begani mwangu. Akasema Mungu anibariki, sasa atangoja tu habari za wenzake.

Siku hiyo, saa kumi alasiri, nilikuwa nasimamia kikao kuhusu utu wa mfanyakazi. Nilisema maneno mazuri sana. Watu waliandika.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulijaa, bendera za kila rangi, ngoma, watu wamekaa mpaka juu ya ukuta. Saa kumi kasoro nikapanda jukwaani. Nikamwita Mama Mwende. Wanawake wa jikoni walimsukuma mbele, amejifunga aproni, mikono ina unga. Nikamwita Lorna pia. Nikasema kwa maikrofoni, kwa Kiswahili halafu Kiingereza, kwamba leo asubuhi tumepokea ujumbe wa binti aliyepotea.

Leo asubuhi. Nilisema hivyo.

Lorna alikunja uso. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Unafanya nini? Leo ni Jumamosi, familia yote iko nyumbani! Na si walishaongea?" Nilijifanya sijasikia. Wafula alikuwa amepiga namba. Simu ikaanza kulia kwa spika, uwanja mzima ukanyamaza, hata watoto.

Mama Mwende alikuwa ameshika kifua. "Ni yeye?" aliniuliza. "Ndiye ataongea?"

Ikashikwa. Sauti ya mzee, mwanamke, Kiarabu. Lorna alininyang'anya maikrofoni, akaongea kile Kiarabu chake cha jikoni. Yule bibi akajibu maneno machache. Lorna akauliza tena. Bibi akajibu kwa hasira, simu ikakatwa.

Lorna alinigeukia. Uso wake sitausahau hata nikifa. Akaniambia polepole, mdomo karibu na sikio langu, "Ameenda. Walimchukua Alhamisi jioni. Hakuna mtu aliyewahi kupiga, sivyo? Wewe, hukumwambia mama yake."

"Amesema nini?" Mama Mwende alikuwa ananivuta nguo. "Niambie amesema nini! Mwende yuko wapi?"

Na mimi ndiye mkalimani. Watu mia ngapi wananiangalia. Nikasema, "Mama, hayupo hapo kwa sasa. Wamemhamisha."

Alilia, jamani. Alichukua hiyo maikrofoni akamwita mtoto wake kwa Kikamba, "Mwana wakwa! Mwende! Mwana wakwa!" kama kwamba simu bado iko hewani. Na unajua nilifanya nini? Niliinua ngumi juu. Nikaanza kupaza sauti, "Haki yetu!" na uwanja wote ukaitikia, "Haki yetu!" Ngoma zikaanza. Nilikifunika kilio cha mama kwa kelele za kudai haki yake. Alisimama hapo katikati, mdomo wazi, hakuna mtu anamsikia.

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, Lorna alifunga begi lake akahamia kwa mgeni mwenzake. Hakunitusi. Alisimama mlangoni akasema, "Ungeniambia tu hujamtafuta. Ningemtafuta mimi, nyumba kwa nyumba, hata kwa ishara."

 

Video ya Wafula ilienda mbali. Watu wa nchi nyingi waliandika kwamba walilia. Lorna alikuwa amerudi kwao bila kunishtaki kwa mtu, sijui kwa nini, nami nikachaguliwa kwa kamati ya kimataifa. Nikaalikwa kuongea nje mara mbili, na mara zote mbili nikasimulia habari ya Mwende, na mara zote mbili nikasema ujumbe ulitufikia ukiwa umechelewa. Watu walisimama kupiga makofi. Nilikula chakula ndani ya ndege nikiangalia mawingu, na nilikuwa nimeanza kuamini uongo wangu.

Mama Mwende alikuwa ananishukuru! "Wewe ndiye pekee ulijaribu," aliniambia. Alikuwa ananifungia sukuma wiki kwa karatasi, anakataa pesa yangu.

Baada ya miezi kumi na moja, Mwende akarudi.

Alirudi hai, Mungu ni mkubwa, lakini alirudi na magongo mawili. Kule jangwani aliruka kutoka ghorofa ya pili. Nyonga ilivunjika ikaunganishwa vibaya. Wanawake wa kundi la Lorna ndio walimgundua hospitalini na kupigania karatasi zake mpaka akapanda ndege. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe.

Tulienda kumwona, kikundi kizima, tumebeba unga, sukari na majani ya chai kama desturi. Nyumba ya Mama Mwende ni chumba kimoja, tukakaa kwa kitanda na kwa ndoo zilizopinduliwa. Tukaimba, tukaomba. Mwende alikuwa amekaa kwa kona. Nikaona mama yake hamwangalii, naye hamwangalii mama.

Halafu mama akalipuka. Mama Mwende, yule mpole!

"Hawa wote walikuwepo! Waulize! Anasema nilikataa kumpigia. Mtoto wangu anasema nilimwacha!"

Mwende aliongea bila kuinua kichwa. "Lorna alisema Jumanne. Nilisimama kando ya hiyo simu Jumanne. Nikasimama Jumatano. Alhamisi nikasimama wakiwa wananifungia nguo kwa mfuko. Haikulia."

"Mimi niliambiwa Jumamosi!" Mama akanigeukia, akanishika magoti. "Wewe ulikuwa hapo. Wewe ndiye ulileta habari. Mwambie! Mwambie ilikuwa Jumamosi!"

Chumba kizima kinaniangalia. Wafula alikuwa mlangoni, akaangalia viatu vyake.

Ningesema wakati huo! Mungu alikuwa amenifungulia mlango, amesimama akiushikilia. Ningesema, mama hana kosa, ni mimi.

Nikasema, "Ndiyo. Ilikuwa Jumamosi."

Mwende alicheka. Kicheko kidogo, cha puani. Akamwambia mama yake, "Umemfundisha vizuri."

Wiki hiyo hiyo aliondoka. Alienda kwa nyanya yake Kitui, na alimwambia mama asimfuate.

Sikuweza kula. Nilikuwa nikiinama kufua nguo zetu naona ule uso wa Mama Mwende. Binti yangu aliniuliza, "Mum, mbona unaongea peke yako?" Siku ya kumi na tisa nilienda Kabiro mchana, nikamkuta Mama Mwende amekaa kwa kiti chake, anakatakata sukuma wiki za mteja. Nilipiga magoti hapo kwa matope. Nikamwambia yote. Kiatu cha Lorna, karatasi, pochi, Wafula, Alhamisi.

Aliendelea kukata mpaka lile fungu likaisha. Akampa mteja. Mteja akaenda.

"Jumanne," akasema. "Jumanne mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unaosha mchele, mama."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimesimama na wewe."

"Nikakuuliza?"

"Uliniuliza."

Alitikisa kichwa kama mtu anayejaribu kutoa maji sikioni. Nilitamani anipige na kile kisu. Nilitamani apige kelele watu waje. Aliniambia tu, "Amka, unachafua nguo. Mimi sina la kusema na wewe. Enda Kitui umwambie yeye. Na uende peke yako. Sitaki afikirie nimekuleta."

Nilienda. Nilimkuta Mwende kwa boma la nyanya yake, amekaa kwa mkeka, anapepeta ndengu, magongo yako kando. Nyanya aliniletea maji ya kunywa, hakujua mimi ni nani. Nilisema nikiwa nimesimama. Sikujipunguzia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine alikuwa anajua?"

"Wafula. Lorna alijua Jumamosi."

"Lorna alinipigia nikiwa hospitali, kwa simu ya wenzake. Aliniambia mama yangu hana kosa. Nikafikiri ananifariji tu." Akatoa kijiwe kwa ndengu, akakitupa. "Unajua kwa nini niliruka?"

"Walikuwa wanakupiga."

"Kupigwa nilizoea. Hata hayo mengine, mtu anazoea. Niliruka kwa sababu nilisema hata mama alisikia akanyamaza. Nikasema sasa narudi kwa nani? Sikuwa nataka kutoroka mimi. Nilikuwa nataka kuisha."

Nilianza kulia. Akaniambia, "Usilie hapa. Nyanya ataniuliza."

Nikajifuta macho kwa leso.

"Unataka nikusamehe?"

"Sijui ninachotaka, Mwende."

"Mimi pia sijui. Kunywa maji yako uende."

Nilikunywa. Nikaenda. Nilitembea barabara ya vumbi mpaka stendi, na hakuna mzigo ulipungua, usidanganywe na mtu kwamba ukikiri unakuwa mwepesi. Mimi nilikuwa mzito kuliko nilivyokuja, kwa sababu sasa nilikuwa najua aliruka kwa nini.

Niliandikia kamati ya kimataifa ukweli. Walijibu kwa upole, na jina langu likatolewa. Kikundi chetu kiliitisha mkutano, nikasimama mbele ya wanawake wenzangu nikasema, na wengine walitoka nje kabla sijamaliza. Wafula haongei na mimi, anasema nilimharibia jina. Labda ni kweli. Nimerudi kufua nguo za watu. Nikipita Kabiro, natumia njia ya nyuma.

Mwezi uliopita nilisikia Mama Mwende ameenda Kitui, na kwamba mara hii hakufukuzwa. Alikaa siku tatu. Jirani yake alimuuliza kulikuwaje. Akasema neno moja tu: "Alinipikia." Hakuongeza. Sijui wataishia wapi, na sina haki ya kuuliza.

Nawaandikia nyinyi mnaopigania haki za watu. Sisemi muache. Dunia ni mbaya, lazima mtu apige kelele. Lakini jichunge na siku ile utaanza kumwona mtu kama hadithi. Mateso ya mtu si mali ya kikundi. Si ya jukwaa. Usimwekee mama machozi yake mpaka kamera zifike.

Na wewe ambaye si mwanaharakati, unayesema hii haikuhusu, nakuuliza: hakuna neno la mtu umelikalia? Salamu uliyotumwa, habari uliyosema utatoa kukiwa na nafasi nzuri, ukweli ambao ungemtoa mtu mwingine lawamani? Hiyo nafasi nzuri unayongoja ni yako wewe. Mwenye neno yuko mahali fulani amesimama, anahesabu dakika. Wacha kusoma haya mambo yangu. Inuka, umtafute, umwambie.